Siku Isiyotikisika

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua, karani wa matetemeko husema, "Shikeni vikombe," na ofisi nzima hushika vikombe. Ni kawaida ya kazi. Unafungua tovuti, unachagua kituo cha vipimo, tarehe na saa, unapakua. Faili ikifika, tetemeko lililomo linapita chumbani vilevile lilivyopita siku yake. Madogo hugonganisha vijiko. Lile kubwa la mwaka juzi liliangusha kabati, wakaiandikia barua idara ya matengenezo, na mpaka leo hawajajibiwa.

Jumatatu hiyo karani hakukalika. Aliketi, akainuka, akaketi tena. Saa nane kamati ingekuja kuamua ni nini kilichoangusha jengo la ghorofa nne na kuua watu kumi na mmoja. Mwenye jengo alisema ni tetemeko. Ng'ambo ya barabara lilisimama jengo pacha wake, la mwenyewe huyohuyo na fundi huyohuyo, na ghorofa ya pili aliishi dada yake karani na watoto watatu. Tetemeko likipatikana na hatia, pacha hana kosa, na watu wataendelea kulala humo.

Alipakua saa ya maafa, saa nne asubuhi. Kimya. Kisha akajipiga paji la uso: aliandika nne kama anavyoitamka, na tovuti ina saa zake za kimataifa, haijali jua letu limechomoza lini. Akasahihisha. Kimya. Akaona isiwe taabu, akapakua siku nzima, asije akaambiwa amekosea saa. Hata utando juu ya chai haukujikunja.

Kamati ilipofika, aliwajazia glasi za maji mpaka ukingoni, akabonyeza mbele yao. Halikumwagika tone. Wajumbe wakatazama maji, wakatazamana. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akasogeza goti chini ya meza na kuisukuma. Maji yakalowesha karatasi.

"Limepita," akasema. "Katibu, andika."

"Mheshimiwa, ni wewe umetikisa meza," karani akasema.

"Binti yangu, mtikisiko ni mtikisiko."

Katibu akaandika. Wajumbe wakatia saini, wakiinua mikono ya mashati isilowe, na saa tisa haijafika walikuwa wameshaondoka.

Jioni karani alikwenda kwa dada yake. Alikuwa na hasira, lakini woga ndio uliompandisha ngazi mbiombio. Akaeleza yote, mpaka habari ya goti. Dada alimsikiliza huku akikunja nguo. Alisema mwenye jengo ametuma mtu, ufa wa ngazini umezibwa na kupakwa rangi, na mwenyewe kaja kuwasalimia.

"Nihamie wapi, mdogo wangu? Kwako tutaingia vipi watu watano?"

 Karani akarudi kwake, akabeba godoro begani, akalitandika ndani, karibu na mlango wa dada yake. Watoto walifurahi sana mama mdogo kuhamia, wakagombania kulala naye. Akawakubalia wote watatu, ila kwa sharti kwamba kila mtu alale na viatu miguuni. Wakacheka, wakavivaa.