Kinyozi Aliyefuata Kisogo

Kinyozi alikuwa mtu wa tumbo mbele na mdomo mwepesi. Ukikaa kwenye kiti chake ulitoka umenyolewa, umechekeshwa, na umepewa habari za mtaa mzima, hata zile ambazo bado hazijatokea. Kwa hiyo alipotangaza kwamba atakimbia marathoni, wateja walicheka mpaka akalazimika kuzima mashine asije akamkata mtu sikio.

Lakini safari hii hakuwa anatania. Mdogo wake, ambaye wote walimwita Kipa, alikuwa amegonga kichwa kwenye nguzo ya goli akiufuata mpira, na ubongo wake ukaumia. Alipona kwa namna yake. Maneno yalimjia polepole, kelele zilimtesa, na kichwa chake hakutaka kiguswe na mtu yeyote, hata mama yao. Nywele zikawa msitu, na kofia juu yake haikutoka mchana wala usiku. Kilichomrudishia maneno ni chama cha watu walioumia ubongo, katika chumba kimoja chenye viti vya plastiki, na sasa chama kilitafuta wakimbiaji wa kukichangishia fedha ili mwalimu aliyewafundisha kusema alipwe, asiondoke. Kinyozi alipojitolea, Kipa alilitazama lile tumbo, akaangua kicheko cha kwanza tangu atoke hospitali.

"Ukimaliza," alisema, akilivuta kila neno kama ndoo kutoka kisimani, "ukimaliza yote... nitakaa... uninyoe."

Mama alidhani ni utani. Kinyozi, ambaye alikuwa amenyoa vichwa vya mtaa mzima isipokuwa kile kimoja alichokuwa akikililia, alichukulia kuwa ni ahadi. Siku hiyohiyo alinunua viatu.

Michango aliikusanya kwa njia yake. Alingoja wembe ufike kooni mwa mteja, ndipo akauliza kwa upole kama mheshimiwa angependa kuwakumbuka wagonjwa. Hakuna aliyekataa. Na kila alfajiri alikimbia, ikiwa kujikokota huku unasalimiana na kila mtu kunaitwa kukimbia.

Siku ya mbio ilipofika, Kipa na mama walikaa kwenye mkahawa wa mtaa wa nyuma, kwa sababu vipaza sauti vya pale mwisho wa mbio vingempasua kichwa hata akiwa na pamba masikioni. Kinyozi naye alitafuta mtu wa kumfuata asije akaanza kwa pupa akaishia njiani. Sasa, watu wengine hutambuana kwa sura. Kinyozi, baada ya miaka yote ya kusimama nyuma ya watu, alitambua visogo. Katikati ya umati akakiona kimoja alichokifahamu vizuri, chenye mikunjo miwili na kovu dogo la jipu. Kilikuwa cha fundi saa, mteja wake. Kinyozi alifurahi sana, akaamini kuwa mtu wa saa hawezi kukimbia ovyo, akakiganda kile kisogo kama kupe.

Walikwenda vizuri ajabu. Walipokata kona alikata, waliposhangiliwa alipunga mkono, na mara akajikuta anapita chini ya bango kubwa, msichana anamvika medali. Fundi saa aligeuka, akashangaa kumwona.

"Kumbe na wewe ulikuwa unakimbia nusu marathoni?"

Moyo wa Kinyozi ulishuka hadi kwenye soksi. Aliangalia ile medali, nayo ilikuwa nzuri tu. Watu walipiga makofi, maji baridi yalikuwa mezani, na miguu ilimsihi akae. Nani angejua? Angekwenda pale mkahawani, amwonyeshe mdogo wake kile chuma kinachong'aa, na mambo yangekwisha. Lakini Kipa alisema yote. Kinyozi akaivua medali, akamrudishia msichana, akauliza njia ya kurudi pale wa nusu na wa marathoni kamili walipoachana.

Nusu ya pili ilikuwa adhabu. Alikimbia, akatembea, akaongea na magoti yake kwa lugha ambayo mama asingependa kuisikia. Gari la kuwaokota waliochoka lilimfuata kwa muda mrefu, dereva akimbembeleza apande. Mwishowe Kinyozi alimwahidi kumnyoa bure mwaka mzima endapo tu angemwacha, naye dereva akaona ni biashara nzuri.

Alipofika, sherehe ilikuwa imekwisha zamani. Umati umetawanyika, vipaza sauti vimepakiwa kwenye lori, vijana wanakunja mabango. Lakini kwa kuwa kelele zilikuwa zimeondoka, Kipa alikuwa amekuja. Alisimama katikati ya barabara, karibu na mama, bila pamba masikioni.

"Umechelewa," alisema.

Kinyozi alianguka palepale, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mama akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake. Kinyozi hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Kesho yake miguu ilikataa kazi. Ikabidi Kinyozi mwenyewe akae kwenye kiti cha wateja, na Kipa akae sakafuni katikati ya magoti yake. Kipa akavua kofia kwa mkono wake. Kinyozi alitumia mkasi, maana mashine ingenguruma, na nywele zilipopungua, kovu refu la ile ajali likaonekana. Alipita kando yake taratibu. Wateja kwenye benchi walingoja habari za mtaa, lakini yeye alikata tu.

"Kaka," Kipa akasema, "mbona leo... huongei?"

Kinyozi alifuta macho kwa kiwiko, akaendelea kukata.

"Basi, nitaongea mimi."

Akaanza kuwasimulia wateja, neno moja baada ya jingine, jinsi kaka yake alivyopotezwa na kisogo. Ilichukua muda mrefu sana, na hakuna mteja aliyeondoka.