Ngozi Iliyobaki

Asmahani aliinua ngozi ya tumbo kwa mkono wa kushoto, akaishikilia juu kama pazia lililolowa, na kwa mkono wa kulia akapangusa chini yake kwa pamba. Kidonda cha juzi kilikuwa kimefunguka tena. Akatia poda, akapachika kipande cha kanga kuukuu kati ya ngozi na ngozi, akavaa dera, akavaa baibui. Mtaa mzima wa Nguvumali asubuhi ile ulinukia maandazi. Yeye alikuwa akijinusa mwenyewe.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Miaka miwili nyuma alikuwa na kilo mia na thelathini, sukari inapanda hovyo, daktari akamwambia apungue au afe. Akapungua. Aliacha wali wa nazi, akatembea kila alfajiri mpaka baharini na kurudi, akatoa kilo sitini na tano mwilini bila msaada wa mtu. Bima yake ya afya ikampiga picha, ikamtia kwenye kalenda yake: mwanachama wa mfano. Mtaani wakasema kakanyaga miwaya, kaukwaa UKIMWI. Mumewe, Luqmani, alipomwona bila nguo aligeukia ukutani, na mwezi haukuisha akahamia Tongoni kwa mke mdogo. Ngozi ikabaki, inaning'inia mpaka mapajani, ngozi ya mtu mnene ambaye hayupo tena.

Alipoomba upasuaji wa kuiondoa, bima ilimkatalia kwa neno moja: urembo. Urembo! Usaha nao siku hizi ni urembo. Wakamwambia alete barua kuthibitisha kwamba ngozi inamuumiza akili, ndipo walipie. Akaenda kwa nesi wa afya ya akili, Benedikta, mama mpole wa milimani, mtu wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza yote. Kwamba haswali kwa amani kwa ajili ya usaha, ingawa ustadhi kamhakikishia swala yake ni sahihi. Kwamba siku ya harusi ya mpwa wake alijifungia chooni mpaka wageni wakaondoka. Benedikta akamuuliza kama huwa anafikiria kufa.

"Kila siku," Asmahani akajibu. "Nawaza wale watakaoniosha. Watanivua, watainua tumbo hili, kisha watoke nje wakahadithie."

Benedikta alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika haraka. Kwao wafu walioshwa mochwari, na wafanyakazi wa huko hawana habari na tumbo la mtu.

"Shikamoo mwalimu," alisema Wilfred, afisa wa madai, nyuma ya kaunta ya ofisi ya bima, macho yake kwenye kompyuta.

"Marahaba. Barua yangu imefika?"

"Imefika, tena imekusaidia. Kamati imekubali si urembo."

"Alhamdulillahi!"

"Ila." Wilfred aliifungua barua, kidole kikafuata mstari. "'Mgonjwa ana mawazo ya kifo kila siku.' Mwenye mawazo haya hawezi kusaini ridhaa ya upasuaji. Akili haijatulia. Atasaini mumeo."

"Mume wangu keshasema kukata ngozi ni kubadili umbile la Mungu. Hatosaini."

"Basi subiri utulie. Nesi akiandika umepona, utasaini mwenyewe."

"Akiandika nimepona, mtalipia?"

Wilfred alifikiri. Alifikiri kweli, kalamu ikigonga meno.

"Ukishapona, mwalimu, itakuwa urembo."

Hasira ilimpanda Asmahani. "Mimi sikusema nataka kufa! Nimesema nawaogopa waoshaji. Sisi tunaoshwa na majirani, kaka, majirani hawa hawa wanaonisema!"

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Mlinitia kwenye kalenda yenu. Nina watoto sabini na wanne darasani, nawafundisha, nasahihisha madaftari yao, akili ninayo. Ya kusaini mwili wangu ndiyo sina?"

Foleni nyuma yake ilisogea karibu kusikiliza. Wilfred akatoa karatasi nyingine kwenye droo, akaisukuma mbele kwa upole, kama anayemfanyia hisani.

"Ombi likikaa wazi siku tisini linatuharibia ripoti. Andika tu kwamba umeliondoa kwa hiari yako, ukiwa na akili timamu. Utaomba upya baadaye."

"Na hii pia asaini mume wangu?"

"Hapana. Hii unasaini mwenyewe."

Kalamu ya wateja ilifungwa kwenye kaunta kwa kamba, na kamba ilikuwa fupi, kwa hiyo ilimbidi ainame. Ukingo wa mbao ulimbana tumbo, kidonda kikapasuka, akasikia majimaji yakishuka pajani. Wilfred aliweka kidole penye mstari, kumwonyesha mahali pa kuandika jina. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari umeinua muhuri.