Hodi ya Mchangani

Nyumba yangu ya Ipagala, Dodoma, ilianza kutoa sauti ya maji kabla haijawekwa bomba hata moja. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa najilaza katika chumba kisicho na lipu wala dari, usingizi unanichukua polepole, na ndani ya ukuta nasikia maji. Hayadondoki. Yanajaa, kwa kunong'ona, kama yanavyojaa kisimani. Nikifumbua macho, kimya. Nilimwita fundi Meshack akague. Akagonga matofali huku na huku, akaniangalia kwa huruma. "Dada Gladness, ukuta huu mkavu. Wewe pumzika tu." Nikamjia juu. Sipendi kuambiwa nipumzike.

Lakini sauti ile niliijua. Kijijini kwetu, mbele ya Buigiri, korongo hukauka mapema, ukabaki mchanga mweupe mtupu, na mgeni akipita hudhani hakuna kitu. Maji yako chini yake, yamelala. Kila mwanamke ana kisima chake humo mchangani, anakichimba kwa mikono, anakizungushia matawi ya miiba mbuzi wasiingie. Mama yangu, Ruthu, alinifundisha kupiga hodi kwanza. Unaupiga mchanga kwa kiganja, unasema hodi, unachimba, unasubiri. Maji yakianza kupanda taratibu, umeshakaribishwa. "Huingii kwa mtu kama mwizi," alikuwa akisema. Wenzangu shuleni walinicheka, nami niliwatandika. Hodi sikuiacha.

Kisha nikasoma, nikapata kazi wizarani, serikali ikahamia Dodoma na watu wake wote, na sote tukataka kuta. Mashamba ya uwele yakageuka viwanja, vichaka vikageuka misingi. Matipa ya mchanga yalipita tangu asubuhi, na mimi nikiyaona nilifurahi, nikaona mji wetu nao unakuwa mji. Kwa dereva wangu wa tipa, Zablon, nilikuwa mkali. Mchanga wa shambani sitaki, una udongo. Niletee wa korongoni, ulioshwa na mvua. Akaniletea, tripu baada ya tripu, nikafyatulia matofali. Sikumuuliza korongo gani. Hilo ni kosa langu, nalisema mwenyewe kabla sijasemwa.

Jumamosi moja ya Oktoba mama alitokea bila taarifa, vumbi hadi magotini, kata yake ya kibuyu ya kuchotea maji ikining'inia kwenye kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukushtakia watu."

Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akanieleza. Malori yameingia korongoni. Yalianzia chini kabisa, kwenye visima vya majirani zake, kina Cecilia, yakachota hadi mwamba ukaonekana. Sasa Cecilia na wenzake wanachota kwake. Kimebaki kisima kimoja kinachoitikia, chake, pale kwenye kona ya korongo.

"Wewe unafanya kazi serikalini," akasema. "Waambie waniachie kona ile tu. Wakiichukua, sote tunahama."

Damu ilinichemka. Nikasema nitawashughulikia, nitawajua mmoja mmoja, wao na hao wanaowatuma! Mama akatabasamu. Alinijua tangu utotoni kwa kelele hizo, na nadhani zilimtuliza. Akainuka aione nyumba.

Alitembea polepole chumba hadi chumba, kiganja chake kikipita ukutani. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia dirishani, matofali yakawa yanametameta. Akasimama. Kwa ukucha akabandua kitu kwenye tofali, akakiweka kiganjani: gamba la konokono, jeupe, dogo kuliko punje ya mtama. Akakwangua mchanga kidogo, akauonja.

"Chumvi yetu hii," akasema.

"Mchanga ni mchanga, mama."

Nikatoka nje haraka, nikampigia Zablon.

"Uko wapi?"

"Napakia tripu yako ya mwisho, dada, ile ya lipu. Leo utaipenda, nimepata mchanga safi sana."

"Wapi, Zablon?"

"Huku mbele ya Buigiri, kwenye kona. Palikuwa pamezungushiwa miiba, sijui nani kaweka. Tumeitoa."

"Mwaga! Mwaga hapo hapo ulipo!"

"Dada, gari limeshajaa, na chini tumeshagonga mwamba. Kama hutaki, jirani yako anaungojea."

Akakata. Nikapiga tena, na tena. Ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja cha jirani, vijana wawili walikuwa wanafagia mahali pa kumwagia mchanga.

Nilirudi ndani bila kujua nitaanza na neno gani. Mama hakuwa amesikia chochote. Alikuwa amepiga magoti sebuleni mbele ya ukuta, kata mkononi, kichwa ameinamisha kama msikilizaji. Na mimi, nikiwa macho kabisa, mchana kweupe, niliyasikia maji yale yanajaa.

Mama akaupiga ukuta kwa kiganja, mara mbili, kwa adabu.

"Hodi," akasema.

Akasubiri. Nyumba ni yangu, wa kuitikia nilikuwa mimi.