Mwaliko wa Ognjen

Kaka yangu Ognjen ana shahada ya misitu, ana miaka ishirini na tisa, na mama bado humtolea samaki miiba. Mwaka huu baba alitangaza kwamba slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Luka anayelinda ukoo, itaandaliwa na Ognjen. "Akiiweza, ni yake. Akishindwa, namwachia binamu yake Vukašin."

Alijitahidi, Mungu anajua. Alizungushia nyama majani ya kabichi mwenyewe, ingawa nyingine zilifanana na soksi. Ila aliwatumia ndugu wote ujumbe: "Karibuni Jumanne, saa nane hadi saa kumi na moja. Thibitisheni."

Mama alijishika kichwa. "Umewaalika?"

"Sasa mama, watajuaje?"

"Miaka yote wanakuja bila kuambiwa! Anayealikwa kwenye slava ni mtu baki. Tena umewapangia saa ya kuondoka!"

Siku ilipofika, hakuja mtu. Supu ilipoa. Baba alichezea simu, nami nilijua anatafuta namba ya Vukašin. Ognjen alisimama mlangoni na bakuli la ngano tamu ya kuwaonjesha wageni, masikio yamemwiva. Nilitamani kumshika mkono. Nikaishia kunyoosha kitambaa cha meza.

Kengele ikalia. Alikuwa baba mkubwa Radiša, kofia kichwani.

"Siingii," alisema. "Nimekuja kuthibitisha kwamba siji."

Nilidhani Ognjen atamwita mama. Hakumwita.

"Nimekosa, baba mkubwa. Nilifanya kama sherehe ya kuzaliwa. Usiingie, lakini onja kijiko kimoja. Ni siku ya mtakatifu."

Hicho hakikataliki. Baba mkubwa alionja, akatafuna, akaendelea kutafuna.

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Inaonekana. Haijaiva." Akavua kofia. "Leta glasi ya rakija kali niiteremshe. Na nyie huko chini mnangoja nini? Pandeni!"

Ukoo mzima ulikuwa umejibana kwenye ngazi na keki zao.

"Utatufukuza saa kumi na moja, kijana?" aliuliza shangazi Desanka.

"Mpaka mtakapochoka, shangazi."

Mwenye slava hakai, huhudumia wageni. Mara mbili Ognjen alijaribu, wakamzomea. Baba alizungukazunguka, mikono haina kazi, kisha akavuta kiti. Sikuwahi kumwona ameketi siku ya slava. Akagonga glasi tupu mezani.

"Mwenye nyumba! Huku umetusahau?"