Jiwe la Velin

Bibi Tsona alikuwa amesimama juani kwa saa mbili nzima, mkate mkubwa wa kukaribishia wageni mikononi, kibakuli cha chumvi katikati ya mkate, na blauzi iliyotariziwa maua ikimbana kwapani. Blauzi haikuwa yake. Ilikuwa ya ukumbi wa kijiji, na ilinuka dawa ya nondo na jasho la wanawake wengine waliowahi kusimamishwa hivyo kuwasubiri wakubwa. Ndoo yake, aliyokuja nayo hapa njia panda kuteka maji kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, ilikuwa imetupwa vichakani ili isiharibu picha.

Ralitsa, katibu wa Klabu ya Mkono Wazi ya wafadhili wa mjini, alimjia na simu mkononi.

"Bibi yangu, hebu tabasamu. Watu wanakuja kusaidia, hawaji kuzika."

"Jiwe liko wapi, mwanangu?"

"Jiwe gani tena?"

"La Velin. Daktari wenu alisema litakaa katikati ya ukuta."

"Mambo ya ujenzi muulize mwenyekiti. Inua mkate kidogo. Hapo hapo! Umependeza kama biharusi."

Mwenyekiti wa kijiji, Tsvyatko, alikuwa akipita huku akijifuta jasho shingoni. Alisoma darasa moja na Velin, na supu ya maharage ya Tsona ilimkuza kuliko ya mama yake mwenyewe. Alipoitwa, alitazama viatu vyake.

"Jiwe lipo, mama."

"Lipo wapi?"

"Si nimesema lipo? Leo usiniaibishe, nakuomba."

Velin, mtoto wa pekee wa Tsona, alikufa kwenye machimbo ya kokoto akiwa na miaka ishirini na sita, mkanda wa mashine ulipomkamata mkono na kumvuta mzima mzima. Kampuni ilileta shada la maua. Baba yake, Nayden, alishika tindo na nyundo. Alichonga jiwe, akalikokota kwa mkokoteni wa punda hadi njia panda, akachimba mtaro peke yake kutoka chemchemi ya mlimani, akalaza mabomba ya udongo, akajenga ukuta wa mawe wenye bomba la chuma. Ndivyo wafanyavyo wafiwa wa kijiji cha Brestovo Pole: humjengea marehemu maji njiani. Anayekunywa hufuta mdomo, husoma jina kwenye jiwe na kusema, "Mungu amrehemu." Hiyo ndiyo bei ya maji. Madereva wa malori waliilipa, wachungaji waliilipa, hata walevi. Nayden alipokufa hakumwachia mkewe kitu kingine zaidi ya jina lile midomoni mwa wapita njia, na maji, maana mabomba ya nyumbani hukauka kila mwaka kuanzia mwezi wa sita.

Kisha mwezi wa tano akaja Daktari Krasen Balev, daktari wa meno mjini na rais wa klabu. Alimshika Tsona mkono kwa mikono yake miwili, laini kama ya mtoto mchanga.

"Ukuta umechoka, bibi. Tutaujenga upya, bure kabisa. Kutoa ni moyo."

"Na jiwe la mwanangu?"

"Katikati! Nakuapia kwa mama yangu."

Tsona alitia sahihi. Katapila lilikuja Jumatatu, na kufikia saa sita mchana lilikuwa limeubomoa ukuta na kuyasaga mabomba ya Nayden. Maji yakapotelea ardhini. Mafundi walimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaiambia klabu, lakini klabu ilikuwa imeshasambaza kadi za mwaliko. Hafla kwanza, maji baadaye. Kwa wiki saba Tsona alikuwa akiteka maji ya mto chini ya daraja, pale wanapooshea ng'ombe, na kuyachemsha mara mbili. Hakulalamika. Aliambiwa siku ya uzinduzi kila kitu kitakuwa sawa.

Magari yakafika, tisa, meupe na meusi. Wakashuka watu wenye fulana za klabu zilizopigwa pasi hata kwenye mikono. Walimega mkate, wakauchovya chumvini, wakautafuna wakitazama kamera. Mmoja alitema chake kwenye karatasi ya kufutia mdomo, akamrudishia Tsona ile karatasi. Padri alichovya kishada cha mrehani kwenye maji matakatifu akawanyunyizia baraka. Daktari Balev alihutubia kuhusu mizizi, utu, na furaha ya kumwona mkulima mnyonge akikata kiu. Mkulima mnyonge ndiye yeye Tsona, kwa kuwa alinyooshewa kidole.

Kitambaa kikavutwa.

Ukuta mpya ulifunikwa marumaru nyeusi, na katikati, kwa herufi za dhahabu, yalipangwa majina tisa. Krasen Balev alikuwa wa kwanza. Tsona alisoma majina yote, akarudia tena, akapekua kila pembe ya ukuta kwa macho. Velin hakuwemo.

Bomba likakoroma, likatoa maji. Watu wakapiga makofi. Tsona alikuwa amesimama pembeni, akaona wasichoona wao: mpira wa bluu uliotambaa nyuma ya ukuta hadi kwenye boza, lori la tangi la maji, lililofichwa kwa matawi.

"Wa kwanza kunywa ni bibi yetu!" alitangaza Balev. "Karibu, karibu, usiogope. Sasa ni maji yako."

Alisogea. Mbele ya bomba palikuwa na jiwe bapa la kukanyagia, na Balev alikuwa amesimama juu yake na viatu vyake vinavyong'aa. Tsona aliinama kukinga maji, ndipo macho yake yakaangukia pembe ya jiwe lile. Ilikuwa imemeguka. Aliijua pembe ile. Nayden aliimegua siku alipolishusha jiwe mkokotenini, akakaa chini akalia, mara moja tu katika maisha yake yote. Mafundi walikuwa wamelilaza jiwe kifudifudi, maandishi chini, matopeni.

Tsona alikunywa funda moja. Akafuta mdomo. Akainua uso kwenye marumaru, na kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka kumi na tisa, akasema:

"Mungu amrehemu Krasen Balev."

Wazee watatu wa mstari wa nyuma, kwa mazoea tu, walivua kofia na kuitikia, "Mungu amrehemu."

"Mungu amrehemu Ognyan Tupchev. Mungu amrehemu Desislav Rashkov."

"Mungu amrehemu," waliitikia wazee. Padri alishafanya ishara ya msalaba kabla hajagutuka.

"Mungu amrehemu Ralitsa Kaneva."

Ralitsa alivuta ncha ya sikio lake na kugonga mlingoti wa bendera mara tatu kufukuza nuksi. "Zima kamera! Nimesema zima!"

"Mama, umerukwa na akili?" Tsvyatko alimshika kiwiko. "Hawa ni watu hai!"

"Hai?" Tsona aliwatazama mmoja mmoja. "Basi majina yao yanatafuta nini kwenye maji ya marehemu? Daktari, shuka. Umemkanyaga mwanangu kifuani."

Balev alitazama chini, hakuona kitu ila jiwe la kukanyagia. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano. "Ana huzuni, maskini. Tumwelewe," alisema. "Kipande hiki cha video tutakikata." Alipofungua mdomo kuendelea, bomba lilikohoa, likatema hewa, likanyamaza.

Hakuna aliyelitazama. Wageni walikuwa wanasubiriwa mjini kwa nyama ya kuchoma, na nyama ikipoa haina ladha. Walipita mmoja mmoja juu ya jiwe kuyaendea magari. Tsvyatko alibaki nyuma kidogo.

"Shukrani ya punda ni mateke," alisema. "Walikuwa watupakie rangi zahanati. Sasa nani atakuja?"

Akaondoka naye.

Dereva wa boza alikuwa akikunja mpira wake. Tsona alimwomba amsaidie kulipindua jiwe kwa nondo ya chuma. Yule bwana aliingiza nondo chini ya jiwe, akaguna, akalipindua, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Nisaidie maji kidogo, baba. Nioshe maandishi tu."

"Kavu kabisa, mama. Walinipimia ya dakika kumi. Nami nawahi kujaza, saa tisa nina uzinduzi kijiji cha pili."

Boza likaondoka kwa vumbi. Jua lilikuwa la utosini, na mto ulikuwa mbali kwa miguu yake. Tsona alipiga magoti mbele ya jiwe. Maandishi yote yalikuwa yamezibwa na tope na saruji. Alilitemea mate, akasugua kwa mkono wa blauzi ya ukumbi wa kijiji. Ikatokea V. Akatema tena, akasugua. Ikatokea E. Kinywa kikamkauka.

Aliuvuta mkate uliobaki, akamega pale wageni walipomega, akatafuna taratibu bila kumeza, akisubiri mate yaje.