Jaribio Namba 187

Ripoti ilikuwa ya kijani kutoka juu hadi chini, na hapo ndipo Bi Shaka alipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla hazijatoka mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kukupa mkono kisha akahesabu vidole vyake. Alikuwa na haki. Huko alikotoka aliwahi kusaini ripoti nzuri kama hii, akasifiwa Jumatatu, akafukuzwa Alhamisi. Tangu hapo kitu kikimpendeza macho, hukigeuza kwanza akitazame mgongoni.

Mwandishi wa programu yenyewe walimwita Kijani, kwa kuwa majaribio yake yote hutoka na alama za kijani, za kufaulu. Kijani alikuwa mume wa mdogo wake. Kwa hiyo saini ya Bi Shaka ilikuwa na masikio mpaka nyumbani: akikataa kuiweka, mdogo wake angejua kabla sufuria haijateremshwa jikoni.

Programu hiyo ofisini waliiita Mpelelezi. Kazi yake ni kukaa juu ya programu nyingine inayotembea, kuisimamisha papo hapo unapobonyeza Control na C kwenye kibodi, na kukuonyesha mstari kwa mstari kinachoendelea ndani yake, ili kosa lionekane. Ukimaliza kuchungulia unaiachia iendelee na safari zake. Mteja alikuwa idara ya maji, na programu ya kupelelezwa ndiyo iliyoendesha pampu za mji mzima. Mpelelezi akianguka vibaya anaanguka na aliyemshika, na mji unafungua mabomba unasikia upepo. Fundi wa idara angefika saa sita kuichukua. Sasa ilikuwa saa tatu, na kilichobaki ni saini tu.

"Majaribio mia tatu," Bi Shaka alisema, "na hakuna hata moja lililofeli. Shemeji, hata meno yangu hayanitii hivyo."

"Ndiyo raha ya kufanya kazi na mtu msafi, shem."

Kijani alikuwa meza ya pili, laptop yake ameifunika nusu, kama mtu anayekula chake kwenye chumba chenye wageni.

Bi Shaka hakuwa msomaji wa rangi. Yeye husoma namba. Akateremka mpaka chini kabisa, na jaribio la mwisho lilikuwa namba 301.

"Juu umeandika mia tatu. Chini nakuta mia tatu na moja." Akapanda na kidole kwenye skrini. 185, 186, 188. "Mia moja themanini na saba imekwenda wapi?"

Kijani akajikuna shingo. "Ilikuwa inajirudia, nikaifuta."

"Inamrudia nani?"

"Inarudia nyingine, shemeji. Wewe ungekuwa polisi, selo zingejaa kabla ya chai."

Akacheka. Bi Shaka naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia mdomoni, macho hayakushiriki. Macho yalikuwa yameona kifuniko cha laptop kikishuka sentimita mbili zaidi.

Akaamua kujaribu kwa mkono wake. Akawasha programu ya pampu za mfano, akamweka Mpelelezi juu yake, akabonyeza Control na C. Kila kitu kikatulia: pampu ya pili, mstari wa 41. Akaiachia, akabonyeza tena. Safi. Mara tisa, safi, mpaka akaanza kumwonea huruma shemeji yake. Mara ya kumi skrini ilichelewa kidogo kuitika, halafu vyote vikatoweka. Mpelelezi hayupo, pampu hazipo. Kimebaki kialama cha kuandikia kinapepesa kwenye weusi, kama nacho kinauliza kulikoni.

"Shemeji, njoo umwone marehemu."

Kijani akaja, akavuta kiti, akawasha upya, akabonyeza. Mara kumi, kumi na tano, ishirini. Mpelelezi hakuyumba.

"Labda kidole chako kina mkosi, shem."

"Umegusa nini?"

"Nimebonyeza."

"Kabla ya hapo."

"Nimevuta kiti."

Bi Shaka akakitazama na kiti. Kisha akamwambia arudi kwake na mikono aiweke juu ya meza, ionekane.

"Shemeji, mimi ni baba wa watoto wa mdogo wako."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mikono tu."

Akabadilisha kibodi. Mara ya saba, marehemu. Akachomoa waya wa mtandao, macho usoni kwa Kijani aone kama atashtuka. Hakushtuka, na hilo nalo likamtia shaka. Akajaribu tena. Mara ya kumi na mbili, marehemu.

"Rudi ubonyeze," alisema mwishowe. "Polepole. Mimi nitatazama."

Safari hii hakutazama skrini, alitazama mkono. Kijani alibonyeza mara moja tu, akauinua mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto, akasubiri kwa adabu. Bi Shaka akajikumbuka. Yeye si mtu wa kusubiri. Hata lifti huiita mara tatu, ijue kwamba hatanii. Kila skrini ilipochelewa, alikuwa amebonyeza tena bila kujijua.

Akanyoosha mkono juu ya bega la shemeji yake, akabonyeza mara mbili haraka. Weusi. Akawasha upya, mara mbili tena. Weusi.

"Ya kwanza anaipokea," alisema. "Ya pili inamkuta mikono imejaa, bado anapambana kumsimamisha mwenzake, hana wa kumlinda. Wanakufa wote."

"Sasa nani anabonyeza mara mbili?" Kijani alilisema upesi, kama swali alilokwisha kulifanyia mazoezi.

Bi Shaka akavuta simu karibu. "Fungua laptop."

"Shem."

"Fungua, au nimpigie mdogo wangu aje akufungulie."

Akafungua. Namba 187 ilikuwepo, hai, nyekundu kama kidonda. Jina lake lilikuwa "Kukatiza mara mbili mfululizo", na pembeni Kijani alikuwa ameandika: *nadra, zima kwanza.*

"Nimehangaika nayo wiki mbili," alisema, sasa bila utani. "Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikipeleka nyekundu hawanibakizi. Na mtu mwenye akili zake anabonyeza mara moja, anasubiri."

Nyumba ambayo mkataba umeisha Bi Shaka aliijua. Alishakaa ndani yake. Kalamu ilikuwa pale pale juu ya fomu. Hajaigusa bado, mlango ukafunguka, Mkuu wa ofisi akaingia na fundi wa idara ya maji, mtu mpana mwenye vidole kama spana. Walikuwa wamewahi.

"Dada, tayari?" Mkuu aliuliza.

"Karibu hapa, fundi," Bi Shaka alisema, akampisha kiti. "Isimamishe hiyo. Control na C."

Fundi akabonyeza. Skrini haikuitika pale pale, naye akaitwanga mara nne zaidi. Weusi.

"Nimeharibu?" akauliza.

"Hapana, kaka. Huko kwenu mnabonyeza mara ngapi?"

"Simu za wananchi zikianza kulia? Mpaka isimame."

Kijani aliitazama kalamu, kisha akasimama yeye mwenyewe. "Haijaiva, Mkuu. Kuna jaribio nililizima. Nipeni mpaka Ijumaa."

Mkuu akamgeukia. "Ijumaa saa tatu. Halafu mimi na wewe tutaongea."

"Bora izimike hapa leo," fundi alisema, akichukua kofia yake.

Saa saba ujumbe ukaingia kutoka kwa mdogo wake: *Dada, umemfanya nini mume wangu?* Akajibu: *Nimemhesabu.*

Ijumaa ripoti ilikuja na namba zote 301, kijani tupu. Kijani alisimama kando, macho mekundu, akingoja. Bi Shaka alihesabu kuanzia moja, hakuruka hata moja. Kisha akabonyeza mara ishirini mfululizo, kama mtu anayechapa nzi. Mpelelezi akasimamisha pampu, akaonyesha mstari, akabaki hai. Akabonyeza ishirini nyingine. Hai.

Akachukua kalamu, akaiweka juu ya mstari wa saini, akasita.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "mikono mezani."

Na alipoisikia ikitua, yote miwili, akasaini.