Kabichi wa Darasa la Kwanza B

Mvua ilipotukosa msimu wa pili mfululizo, Afisa Elimu alileta agizo: maji ya tangi la shule ni ya wanafunzi tu. Bustani ikaanza kunyauka, nami nikakosa raha, maana mboga ya chakula cha mchana ilitoka humo. Mjukuu wangu wa darasa la pili, ninayemlea peke yangu, akikosa sahani ya shule hana nyingine ya kutegemea mpaka jioni.

Nikaitisha kikao, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Mzee, agizo ni agizo," Mwalimu Mkuu alisema. "Asiye mwanafunzi hanywi."

"Basi waandikishe hao kabichi!"

Nilisema kwa hasira. Yeye akaona ni hoja.

Jumatatu kabichi wote wakaingia darasa la kwanza B. Walipewa maji asubuhi, kama wenzao. Jua lilipowaka sana tuliwafunika kwa mashati ya sare yaliyochakaa, vifungo vimefungwa mpaka juu. Mwalimu wa zamu aliwasomea herufi, akasema tangu aanze kazi hajapata darasa lenye adabu namna ile. Mjukuu wangu alipata rafiki kati yao, pale penye uzio, akawa anamsimulia habari za nyumbani, pamoja na jinsi ninavyokoroma.

Kabichi wakanenepa. Mama Sufuria, mpishi wetu, akashuka bustanini na kisu. Kumbe Afisa amekuja kukagua.

"Unakwenda wapi na kisu, mama?"

"Kuvuna, baba."

"Darasani? Hakuna mwanafunzi atakayekatwa kichwa mimi nikiwa kazini! Wafanye mtihani kwanza."

Wakafanya palepale. Karatasi zilikusanywa nyeupe kama zilivyogawiwa. Afisa akaamuru darasa zima lirudie mwaka.

"Warudie?" Mama Sufuria alifoka. "Si wataozea humo humo? Stoo haina hata punje ya maharage. Kesho niwapikie watoto chaki?"

"Sheria hairuhusu," Afisa alisema. "Labda mzazi aje mwenyewe kumwachisha mtoto shule."

Nikavua kofia, nikasogea mbele.

"Mimi ni mzazi."

"Wa nani?"

"Wa yule mnene pale."

Afisa alimtazama yule mnene, akanitazama tumbo, akaridhika. "Mzee, usimkatishe masomo. Mtoto ana uwezo huyu."

"Najua, mwanangu. Lakini hali ya nyumbani ni ngumu."

Wazazi wenzangu wa kamati wakapanga foleni nyuma yangu. Afisa aliwasihi mmoja mmoja, mpaka sauti ikamkauka. Kila aliyeachishwa alivuliwa shati, akapelekwa jikoni.

Mchana ule mjukuu wangu alikaa mbele ya sahani bila kuigusa.

"Kula, mama."

"Babu, huyu si rafiki yangu?"

"Siye. Huyu alikaa safu ya nyuma."

"Alikuwa mtundu?"

"Usiseme! Alimnyima mwenzake kivuli."

Akafikiri. "Na rafiki yangu?"

"Nenda ukaone."

Alikimbia mpaka kwenye uzio. Darasa la kwanza B lilikuwa limebaki na mwanafunzi mmoja, shati limefungwa vifungo mpaka juu, na mwalimu wa zamu amechuchumaa mbele yake akimsomea herufi.

Mjukuu wangu akarudi, akala, akaomba aongezewe.